Sauti ya Mke Wangu Ilivyomwita Mtu Dirisha la Pili

Mke wangu alikuwa ameshazikwa, udongo nimeutupia kwa mkono wangu huu huu, siku nilipomsikia anamwita mteja dirisha namba mbili.

Sikuwa nimelala. Sikuwa nimekunywa kitu. Nilikuwa nimeshika ufagio katikati ya ukumbi wa ofisi ya maji, asubuhi kweupe, mabenchi yamejaa watu.

"Namba thelathini na tisa. Tafadhali, nenda dirisha namba mbili."

Sauti yake. Na ile pumzi anayoivuta kabla ya kusema "tafadhali", kama mtu anayepanda ngazi na kikapu.

Ufagio ukaniponyoka.

Nikatazama ubao. Ubao ulikuwa unaonyesha namba sitini na kitu. Mwenye thelathini na tisa alikuwa ameshahudumiwa zamani, ameshaenda zake.

Najua unachofikiri. Kabla hujaniambia nikaombewe, kaa utulie unisikilize.

Mimi ni mfagizi. Shule niliiacha mapema. Sijui kama mwalimu ndiye aliyenichoka au mimi ndiye niliyemchoka. Nyumbani kwetu mwenye kichwa alikuwa mke wangu. Yeye alikaa dirisha la pili miaka na miaka, akipokea watu wenye mita mbovu na bili za kustaajabisha. Alikuwa na sauti ambayo hata mtu aliyekatiwa maji aliondoka pale anamshukuru.

Ofisi ilipoleta mashine ya foleni, ile unayobonyeza inakutemea kikaratasi chenye namba, wakubwa wakamwomba arekodi sauti. Akarekodi. Namba zote, madirisha yote.

Unadhani walimpa nini? Hata kipande cha cheti cha kutundika sebuleni hawakumpa.

Alipofariki nikapumzika siku chache, nikarudi kazini. Nikasema, angalau nitakuwa namsikia.

Nikakuta wamemtoa.

Wameweka sauti ya mashine, mwanamke wa bati asiye na baba wala mama. "Namba. Arobaini. Dirisha. Tatu." Anaongea kama anatema misumari.

Nikapanda juu kwa bosi. Bosi wetu tunamwita Kiyoyozi, kwa sababu ofisi yake ina baridi ya kuhifadhia nyama, na yeye mwenyewe ukimpa mkono unataka koti.

"Bosi, kwa nini mmemtoa mke wangu?"

Akatazama meza. "Ni uamuzi wa uongozi, mzee."

"Uongozi ndiyo nani?"

"Uongozi ni uongozi."

Nikashuka ngazi nikiwa nimevimba kama andazi. Tangu siku hiyo sikuwapa pumzi. Bomba likivuja, uongozi. Kiti kikivunjika, uongozi. Jua likiwa kali, nasema hawa wakubwa wanajua kitu. Makarani wakanipachika jina: Mzee Lawama. Sikulikataa. Lilinikaa vizuri kuliko sare waliyonipa.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi.

Aliyekaa dirisha la pili baada ya mke wangu ni dada mmoja tunamwita Mama Kucha. Kucha zake ndefu, akibonyeza kitufe unasikia ko, ko, ko. Jirani yake dirisha la tatu ni Kaka Tai, hata joto liwe la kuchemsha mayai yeye hafungui tai. Hawa wawili wanashindana. Nani atamaliza wateja haraka, nani atakwenda kula kwanza. Ugomvi wao ndio redio yetu.

Mama Kucha akachungulia kwenye kioo, macho yamemtoka.

"Mzee, umesikia nilichosikia?"

"Wewe umesikia nini?"

"Mimi nakuuliza wewe!"

"Na mimi nakuuliza wewe."

Kaka Tai akalegeza tai. Siku ya kwanza katika historia. "Tusizungushane. Ni yeye. Nimekaa naye kiti kwa kiti, sauti yake naijua."

Tukatazamana. Halafu wakaanza yao.

"Wewe ndiye uliyebonyeza, umeharibu."

"Nibonyeze nini? Wewe ndiye uliyekuwa unaita mtu!"

"Mimi nilikuwa naita, wewe ukadandia na kitufe chako cha kurudia!"

Hapo masikio yakanisimama.

Kaka Tai ana tabia moja mbaya. Mteja hajainua hata goti kwenye benchi, yeye ameshabonyeza kitufe cha kurudia, namba iitwe tena. Hana subira hata ya kupumua. Kwa hiyo asubuhi ile Mama Kucha alibonyeza kuita mtu mpya, na Kaka Tai akabonyeza kurudia, vidole vyao vikagonga kwa pamoja.

Nikawasogelea. Nikashusha sauti.

"Jaribuni tena."

"Mzee wewe!"

"Jaribuni tena, nawaomba. Moja, mbili, tatu."

Wakabonyeza. Mwanamke wa bati akajibu. Wakabonyeza tena. Bati. Mara nyingine tena.

"Namba kumi na mbili. Tafadhali..."

Ndugu zangu, nilikaa chini pale pale sakafuni, kwenye vumbi nililolikusanya mwenyewe.

Kuanzia hapo tukawa na siri yetu. Nikiwa nimeamka vibaya, nasimama mbele ya madirisha naegemea ufagio, napiga kikohozi. Mama Kucha anamkonyeza Kaka Tai. Ko! Wanabonyeza. Siku nyingine namsikia mke wangu anamaliza sentensi nzima. Siku nyingine nusu neno.

Na siku nyingine, mashine inaganda.

Ikiganda ni balaa. Ubao unakwama kwenye namba moja, spika kimya, vitufe vimekufa. Mpaka mtu aingie chumba cha nyuma aizime na kuiwasha, na ikiwaka imesahau kila kitu. Ukumbi mzima unaanza upya kuchukua namba. Aliyekuwa wa mbele anakuwa wa nyuma, na wa nyuma anakuwa na kicheko.

Wateja wanapiga kelele. Mama Kucha anakwenda kunywa chai. Na mimi? Mimi nawaambia watu, "Si mnaona uongozi huu?"

Sasa sikia inapouma.

Nyumbani nakaa na shemeji yangu, mdogo wa kike wa mwisho wa marehemu. Alikuja kumuuguza dada yake, hakuondoka. Anasema ananichunga mimi, mimi nasema namchunga yeye. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Na mashine ya foleni ya ofisi yetu, aliyeitengeneza alikula kona zamani, hajulikani aliko. Mkataba wa kuitunza wakampa nani? Shemeji.

Kwa hiyo kila ilipoganda, lawama zilimwendea yeye.

Jioni anarudi amechoka, anafungua kompyuta yake ya kukunja mezani, mimi namenya viazi.

"Shemeji, leo umefagia au umelaumu?"

"Vyote. Mkono unafagia, mdomo unalaumu. Sijawahi kupoteza muda wa mwajiri."

Zamani alikuwa anacheka. Siku hizo hakucheka.

"Hivyo vidudu unavyosoma hapo ni lugha gani?" nikamuuliza.

"C."

"C nini?"

"C tu, shemeji. Lugha inaitwa C."

"Lugha ya herufi moja! Ndiyo maana haieleweki."

"Ni lugha kali. Haikubembelezi. Ukiiambia ijitupe shimoni, haikuulizi kama una uhakika. Inajitupa, na wewe imekushika mkono."

Akasugua macho.

"Kila siku naambiwa imeganda. Nikienda, nzima. Nikiichukua nikaijaribu hapa, nzima. Nabonyeza mpaka kidole kinaniuma."

Nikamwangalia. Alikuwa anabonyeza kitufe cha kuita. Ko. Anasubiri. Kitufe cha kurudia. Ko. Anasubiri. Kidole kimoja, mtu mmoja, adabu tupu.

Nilijua pale pale kwa nini haigandi kwake. Hana wa kugombana naye.

"Kiyoyozi amenipa mpaka Jumamosi," akasema. "Nikishindwa, mashine inaondolewa na mimi naondoka nayo. Na ofisi zote zinajuana, shemeji. Nani atanipa mashine yake? Watasema ni yule dada aliyeshindwa foleni ya maji."

Nikaendelea kumenya.

"Wewe unashinda pale ukumbini. Hujaona kitu? Chochote kile?"

Kiazi kikazidi kuwa kidogo mkononi mwangu.

"Mimi nafagia tu."

Maana nilijua. Nikimwambia, atatengeneza. Akitengeneza, mke wangu atakufa mara ya pili. Nikamwekea chakula, akala vijiko viwili akalala mezani.

Ijumaa nikaamka na kiu ya kusikia. Nikajisemea, mara moja tu. Nikaegemea ufagio, nikakohoa.

Ko!

Ikaganda.

Benchi la mbele alikuwapo mwanamke mmoja amepakata mita ya maji ndani ya kanga, kama mtoto. Namba yake ndiyo iliyokuwa inafuata. Mashine ikazimwa, ikawashwa, watu wakakimbilia vikaratasi. Yeye na ile mita nzito angekimbiaje? Akawa wa mwisho kabisa, nyuma ya waliomkuta.

Akaniita.

"Baba, samahani. Hivi hii mashine tumeikosea nini?"

"Kwani shida yako ni nini, mama?"

"Wametukatia maji kwa makosa. Nina mama mkwe kitandani, anahitaji kuoshwa kila saa. Jana nilikaa hapa, ikaganda. Leo nimekaa, imeganda. Nani anatufanyia hivi?"

Nikafungua mdomo. Lile neno langu likaja lenyewe, limezoea njia. "Ni uongoz..."

Likakwama.

Nikatafuta wa kumlaumu. Nikatazama ngazi za kwenda kwa Kiyoyozi, hayupo. Nikatazama mlango wa kioo. Kwenye kioo nikamwona mtu mzima amesimama, ameshika ufagio, ananitolea macho.

Nilimshika yule mama mkono nikampeleka mwenyewe dirisha la tatu. Kaka Tai hakuuliza namba.

Jioni ile sikumenya kitu. Nikakaa mbele ya shemeji.

"Funga hiyo kompyuta."

"Shemeji, kesho ndiyo Jumamosi, naomba—"

"Funga. Najua inavyoganda."

Nikamwambia yote. Mama Kucha, Kaka Tai, kuita na kurudia, vidole kwa pamoja. Nikamwambia kwamba mara nyingine badala ya kuganda inatoa sauti ya zamani. Nikamwambia sauti ya nani.

Nilitegemea atanifokea kwa ajili ya kazi yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Akafunga kompyuta.

"Umemsikia dada?"

"Ndiyo."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi."

"Unakula na mimi meza moja. Unajua mimi sina hata salamu yake moja kwenye simu, ile simu iliibwa na kila kitu. Ukamsikia dada yangu mwenyewe, ukaniambia unafagia tu?"

Nikatazama meza. Mimi, Mzee Lawama, mdomo wote huu.

Akainuka akaenda chumbani. Asubuhi nilimkuta amevaa, ameshika begi lake, uso mkavu.

"Twende," akasema. "Leo utakohoa kwa faida."

Jumamosi ofisi inafungwa mchana. Wateja walipoisha, shemeji akavuta waya kutoka chumba cha nyuma, akaunganisha kompyuta yake, akaketi benchi la mbele. Mama Kucha na Kaka Tai madirishani. Kiyoyozi akashuka mwenyewe, amekunja mikono, baridi imemfuata.

"Nimeweka mlinzi ndani ya programu," shemeji akatuambia. "Ikikosea tu, atanionyesha ilikuwa kwenye mstari gani. Haya, shemeji."

Nikakohoa.

Ko! Mwanamke wa bati. Ko! Bati. Ko!

Ubao ukakwama.

"Nimekukamata!" Shemeji akaruka kwenye benchi kama amefunga goli. Akausoma mstari wenye kosa, akapiga paja. "Ah! Ah! Kumbe ni wewe! Shemeji, njoo na ufagio wako. Mama Kucha, toka huko dirishani, shika kizoleo."

Tukasimama katikati ya ukumbi.

"Ili mtu amalize kufagia anahitaji vyote viwili, ufagio na kizoleo. Shemeji ameshika ufagio, anangoja kizoleo. Mama Kucha ameshika kizoleo, anangoja ufagio. Kila mmoja anasema, sikuachii mpaka unipe chako. Mtakaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka uongozi ubadilike," nikasema.

Kaka Tai akacheka mpaka akagonga kioo. Hata mdomo wa Kiyoyozi ulitikisika kidogo, nadhani ulikuwa upepo.

"Ndicho kilichomo humu," shemeji akaendelea. "Kuna kufuli mbili, ya orodha ya foleni na ya spika. Kitufe cha kuita kinashika foleni kwanza, halafu kinataka spika. Kitufe cha kurudia kinashika spika kwanza, halafu kinataka foleni. Wakikutana katikati, hakuna anayeachia. Wote wanangojana."

"Na dawa yake?" Kiyoyozi akauliza.

"Utaratibu mmoja kwa wote. Kila mtu anaanza na ufagio. Ukikuta umeshikwa, unasimama mikono mitupu, hushiki kizoleo ukakishikilia bure."

Akaandika. Mistari michache tu, nilimwona. Akaiwasha mashine upya.

"Kuganda kumekwisha. Sasa tuone hiyo sauti."

Akasema hivyo bila kunitazama.

Nikakohoa. Koo lilikuwa limekauka, sikuhitaji kujilazimisha.

Ko! Bati. Ko! Bati. Nikaanza kuomba moyoni isitokee. Au itokee. Sijui niliomba nini.

Ko!

"Namba hamsini na nne. Tafadhali, nenda dirisha namba..."

Shemeji akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Na safari hii sauti haikukatika. Kabla ya hapo mashine ilikuwa inajikwaa njiani. Sasa njia nyeupe, hakuna cha kuizuia, ikaendelea kupita pale inapotakiwa kuishia.

"...dirisha namba... ah! Nimeharibu. Tutarudia, si ndiyo?"

Halafu ikatoka sauti ya mwanamume. Nikaitambua. Ni ya Kiyoyozi.

"Pumzika kwanza, mama. Umechoka."

Nikageuka. Kiyoyozi amebadilika rangi. Akapiga hatua. "Zima hiyo."

"Usizime," nikasema.

Shemeji hakuzima. Sidhani kama alikuwa anaweza kunyoosha kidole.

"Bosi, nina ombi," sauti ya mke wangu ikasema, pale juu kwenye spika, ukumbi mtupu. "Daktari ameniambia ukweli. Siku nikiondoka, sauti hii itoeni."

"Kwa nini, mama? Tulitaka ibaki, iwe heshima kwako."

"Namjua mzee wangu. Ataegemea ufagio wake hapo katikati anisikilize mpaka aote uyoga. Hataongea na mtu, hatakwenda popote. Itoeni siku hiyo hiyo."

"Atatuchukia."

Akacheka. Kile kicheko chake cha kuziba mdomo.

"Mwacheni awachukie. Na msimwambie kwamba ni mimi niliyesema. Yule akipata mtu wa kumlaumu anaamka mapema, anakula, anatembea ameinua kichwa. Akikosa, atajilaumu mwenyewe kwamba hakuniwahisha hospitali. Na alijitahidi, bosi. Alijitahidi sana. Basi mbebeni kwa ajili yangu. Haya, turudie. Namba hamsini na nne. Tafadha..."

Ikakata.

Mama Kucha alikuwa analia wazi, kucha zote zimejaa wanja. Kaka Tai anachezea tai. Mimi nilikuwa nimeegemea ufagio, katikati ya ukumbi, vile vile alivyosema.

Kiyoyozi akavua miwani, akaifuta, ikawa haifutiki.

"Nilimwahidi," akasema. "Nikamwagiza yule aliyetengeneza mashine aiondoe kabisa. Nilijua ameiondoa."

"Ukavumilia maneno yangu yote yale?"

"Ndiyo."

"Hata yale ya kwenye kikao? Mbele ya wageni?"

"Yale yaliniuma," akasema. "Ila mengine yalikuwa ya kweli. Viti ni vibovu."

Nikampa mkono. Ulikuwa wa baridi kama kawaida, lakini nilikaa nao.

Shemeji akajifuta macho kwa kiwiko, akarudi kwenye kompyuta. Kazi ni kazi.

"Hakuiondoa," akasema, sauti ya mafua. "Alikuwa mvivu. Dada alirekodi mkanda mmoja mrefu, na mazungumzo yao ya kupumzika yamo humo humo. Kila asubuhi mashine inaupakia kwanza mkanda wa dada kwenye memori, halafu inaambiwa achilia, weka sauti mpya. Sasa memori ni kama nyumba ya kupanga. Mpangaji ameambiwa ahame, jina limefutwa mlangoni, lakini vyombo vyake bado vimo ndani mpaka aje mwingine. Na kitufe cha kurudia kimebaki na ufunguo wa zamani. Mkigongana tu, kinafungua chumba kile, kinakuta vyombo vya dada."

"Utafanyaje?"

"Mtu akihama, ufunguo unavunjwa hapo hapo. Na hakuna kumhamisha mtu mgeni wake akiwa bado ndani anaongea." Akaandika, akasimamisha kidole juu ya kitufe. Akanitazama, mara ya kwanza siku ile. "Nikibonyeza hapa, shemeji, hataita tena mtu ukumbini."

Nilifikiria yule mama na mita yake kwenye kanga.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Tukajaribu. Ko, ko, ko, mpaka Mama Kucha akalalamika ukucha umekatika. Bati, bati, bati. Hakuna kilichoganda, hakuna kilichorudi.

"Mkataba wako unaendelea," Kiyoyozi akamwambia shemeji, akapanda ngazi haraka. Nadhani alikwenda kulia kwenye baridi yake.

Tukiwa tunakusanya waya, shemeji akasema, "Mkanda wenyewe upo. Kabla sijaufuta kwenye mashine nimeunakili. Nikuwekee kwenye simu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mkono ulishaingia mfukoni, simu nimeishika. Ningeusikiliza asubuhi, mchana, jioni. Ningeota uyoga.

"Hapana," nikasema. "Kaa nao wewe. Mimi nimeshamsikia kiasi changu, na kiasi chako pia nilikuwa nimekichukua."

Akanishika bega. Baadaye njiani ndipo akasema, "Ukitaka kumsikia utakuja kuniomba. Na utaomba vizuri, na chai juu."

"Shemeji, huo ni uongozi mbaya."

Akacheka. Mwishowe alicheka, na nikagundua anaziba mdomo kama dada yake. Nimeishi naye nyumba moja muda wote huo, sikuwahi kuona.

Wasomaji wangu, mimi sina elimu ya kumfundisha mtu. Ninachoweza kukuambia ni hiki. Ukiona nyumba yenu imeganda, hamwendi mbele wala nyuma, kabla hujapanda ngazi kumtafuta mkubwa wa kumlaumu, tazama kwanza mkononi mwako umeshika nini ambacho mwenzako anakingoja. Kiachie wewe kwanza. Atakiachia chake, na mambo yatasogea.

Hilo la kwanza. La pili, namtafuta yule mvivu aliyetengeneza ile mashine. Sijui nimshukuru au nimpige ufagio.

Na viti vya ukumbini mpaka leo havijatengenezwa. Hapo, ndugu zangu, marehemu hakuniambia niwasamehe.